Kuonja na kupima mvinyo: maneno ya ladha na mitego ya "tamu" na "kali"

Makala haya yanaeleza msamiati wa Kiswahili utumikao katika kuonja na kupima mvinyo mwekundu na mweupe, pamoja na vileo vya jirani yake kama rubisi ya ndizi. Hoja yake kuu ni moja. Maneno mawili yanayotangulia kuja ulimini, yaani tamu na kali, hubeba maelezo na hukumu kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hayafai kuwa kipimo yakiachwa peke yake. Kiswahili kina maneno mengine, mengi yake yakiwa ya jikoni na shambani, ambayo hueleza kile kinachohisiwa kinywani bila kutamka kwanza kwamba kinywaji ni kizuri au kibaya.

1. Majina ya kinywaji

mvinyo (nomino, ngeli ya u-/i-, wingi mivinyo). Asili yake ni neno la Kireno vinho. Katika kamusi za zamani lilikuwa na maana pana: kileo chochote kikali kilichotoka ng'ambo, hata kile kilichokenekwa, yaani kilichopatikana kwa mvuke. Leo maana iliyozoeleka ni kileo kitokanacho na maji ya zabibu yaliyochachushwa. Msomaji wa maandishi ya zamani asidhani kwamba kila "mvinyo" ni wa zabibu.

divai (nomino, ngeli ya i-/zi-). Asili yake ni maneno ya Kifaransa du vin. Maana yake ni finyu kuliko ya mvinyo: kileo cha zabibu tu. Neno hili limekita sana katika lugha ya Biblia na ibada ya Kikristo, na wasikilizaji wengi hulihusisha na altare kuliko na duka.

hamri (nomino, ngeli ya i-/zi-, pia khamri). Asili yake ni Kiarabu. Hutumika hasa katika maandishi ya Kiislamu yanayozungumzia katazo la vileo.

kileo (nomino, ngeli ya ki-/vi-) na pombe (nomino, ngeli ya i-/zi-). Kileo ni kinywaji chochote kilevyacho. Pombe ni kileo pia, lakini katika mazungumzo huelekea zaidi kwenye vileo vya nafaka, ndizi na asali.

rubisi (nomino, ngeli ya i-/zi-, pia lubisi). Pombe ya ndizi mbivu ya mkoa wa Kagera. Neno limetoka katika lugha za huko, ambamo kiambishi cha mwanzo husikika: orubisi, olubisi.

Upatanisho: mvinyo mwekundu, mivinyo myekundu; mvinyo mweupe, mivinyo myeupe; lakini divai nyekundu, divai nyeupe. Mfasiri aliyeanza na neno moja asihamie jingine katikati ya matini, maana upatanisho wote utayumba. Tanbihi nyingine ni kwamba mvinyo mweupe si mweupe kama maziwa. Rangi yake ni ya manjano hafifu au ya dhahabu. Weupe hapa ni jina la aina. Anayetaka kueleza rangi hasa na aitaje rangi yenyewe.

2. Swali la dukani

Omurushaka ni mji mdogo wa biashara wilayani Karagwe. Barabara ya kwenda Murongo, mpakani mwa Uganda, huanzia hapo na kupita katika wilaya ya Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi 2012. Tuchukue mfano wa duka lolote katika mji wa namna hiyo. Kijana anaona chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma juu ya rafu, anamwamkia mwenye duka, kisha anauliza:

"Mama, hii ni kali?"

"Hapana mwanangu, si kali."

Mazungumzo yamekwisha, na kila mmoja ameridhika. Hata hivyo swali hilo lina maana zisizopungua nne.

(a) Je, ina kiwango kikubwa cha kileo? Hiyo ndiyo maana ya kali katika "pombe kali".

(b) Je, inakereketa kama ndimu? Hiyo ndiyo maana ya kali katika "siki kali".

(c) Je, inakwaruza ulimi na kukausha kinywa?

(d) Je, ni nzuri kupita kiasi? Hiyo ndiyo maana ya kali katika lugha ya vijana, kama wasemavyo "wimbo mkali".

Mwenye duka huenda amejibu (b), akikumbuka kwamba kinywaji hakichomi kama siki. Kijana huenda ameuliza (a), kwa kuwa ataendesha pikipiki kurudi nyumbani. Mivinyo mingi ya mezani ina kileo cha asilimia 11 hadi 14 kwa ujazo, na kiasi hicho ni zaidi ya maradufu ya bia nyingi za chupa. Jibu la "si kali" limekuwa kweli kwa mmoja na hatari kwa mwingine. Vivyo hivyo, mwenye vidonda vya tumbo anayeuliza maana (b) akajibiwa maana (a) atalala akigugumia maumivu.

Neno tamu lina mtego wa namna hiyo hiyo. Sukari ni tamu, lakini nyama ya kuchoma pia ni tamu, na hata usingizi ni mtamu. Anayesema "mvinyo mtamu" huenda anaeleza kwamba una sukari. Huenda pia anausifu tu. Na anayesema "mvinyo huu si mtamu" atasikika kama anayeushutumu, ingawa alitaka tu kusema kwamba sukari yake imekwisha wakati wa kuchachuka.

Methali isemayo Mgema akisifiwa tembo hulitia maji inafaa kukumbukwa hapa. Sifa tupu haimwelezi mgema alichofanya vizuri, wala haimzuii kukiharibu kesho. Kinachomsaidia ni maelezo: lilikuwa zito, lilikuwa na harufu ya maua, halikuwa na uchachu. Kupima ni kutenganisha maelezo na sifa, kisha kutoa sifa mwishoni kwa sababu zinazoonekana.

3. Rubisi kama shule ya ulimi

Mkazi wa Karagwe anayetaka kujifunza kupima mvinyo haanzi na ulimi mtupu. Rubisi imemfundisha mengi. Ndizi maalumu za pombe hufukiwa au kufunikwa kwa majani mpaka ziive, humenywa, kisha hukamuliwa pamoja na nyasi ndani ya chombo kirefu cha mti mfano wa mtumbwi. Maji yanayopatikana ni matamu sana na hayalevi. Huchujwa, huongezwa maji, na juu yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Kisha chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya usiku mmoja au siku mbili pombe huwa tayari.

Katika safari hiyo fupi mnywaji hukutana na karibu kila jambo ambalo mwonjaji wa zabibu hulitafuta. Maji ya mwanzo humwonyesha utamu wa sukari. Kadiri yanavyochachuka, sukari hupungua na kileo huongezeka. Pombe iliyokaa kupita siku zake humwonyesha uchachu, na mwishowe siki. Iwapo ndizi mbichi imechanganywa na mbivu, ulimi hukutana na ukakasi. Iwapo maji yamezidi, pombe huwa chapwa. Rubisi hunywewa katika harusi, katika upatanisho na katika misiba. Mwenye shughuli hujali hukumu ya wageni wake, na wazee hupewa funda la kwanza ili waseme kama imefaa.

Tofauti ya msingi kati ya mvinyo mwekundu na mweupe nayo hueleweka upesi kwa mfano huu. Kwa mvinyo mweupe, zabibu hukamuliwa na maji yake huchachushwa bila maganda. Kwa mvinyo mwekundu, maji huchachushwa pamoja na maganda na kokwa, na humo ndimo yatokamo rangi na tanini, kemikali iletayo ukakasi. Aliyewahi kutafuna ganda la ndizi mbichi anajua tayari kwa nini mvinyo mwekundu hushika kinywa kuliko mweupe.

4. Maneno ya kutofautisha

Vidahizo vifuatavyo hutenganisha yale ambayo kali na tamu huyachanganya.

ukakasi (nomino, ngeli ya u-). Hisia ya kukwaruza ulimi na kukausha kinywa, kama ya ndizi mbichi au chai ya rangi iliyokaa mno na majani yake. Si ladha hasa bali ni mguso. Ndilo neno sahihi kwa hisia iletwayo na tanini. Mfano: Mvinyo huu mwekundu una ukakasi mwingi unaoshika ufizi. Angalizo: katika magazeti neno hili hutumika kwa sitiari, kama katika "jambo hilo limeleta ukakasi", yaani halikupokewa vizuri. Katika kupima mvinyo ukakasi si kasoro kwa lazima. Mwekundu usio na ukakasi wowote huweza kuonekana kama umelegea.

ugwadu (nomino, ngeli ya u-). Ladha kama ya ndimu, ukwaju au embe bichi. Ile ifanyayo mate yajae kinywani. Ndilo neno lifaalo kwa asidi ya asili ya tunda. Mfano: Ugwadu wa mvinyo huu mweupe unaburudisha. Kipimo chepesi cha kutofautisha: ugwadu huleta mate, ukakasi huyakausha.

uchachu (nomino, ngeli ya u-, kutoka kitenzi chacha). Ukali wa kitu kilichochacha, kama uji au maziwa yaliyolala. Hutofautiana na ugwadu kwa asili: ugwadu ni wa tunda, uchachu ni wa kuchachuka. Katika mvinyo, uchachu unaoelekea siki ni kasoro.

uchungu (nomino, ngeli ya u-). Ladha kama ya shubiri au kwinini, ihisiwayo zaidi nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Usichanganye na ukakasi. Kahawa iliyokaangwa sana ina uchungu. Ndizi mbichi ina ukakasi.

utamu wa sukari (kirai). Tumia kirai kizima, si utamu peke yake, pale unapoeleza sukari iliyobaki katika kinywaji. Hivyo msomaji hatadhani kwamba unasifu.

kiwango cha kileo (kirai). Wingi wa kileo kwa asilimia. Hisia yake kinywani ni joto kooni: mvinyo unachoma koo, unapasha kifua. Epuka kali hapa ikiwa matini yanahusu usalama, afya au sheria.

uzito (nomino, ngeli ya u-). Namna kinywaji kinavyojaza kinywa. Mvinyo mwepesi hupita kama maji. Mvinyo mzito hukaa ulimini kama maziwa yenye mafuta. Usichanganye uzito na kiwango cha kileo, ingawa mara nyingi hufuatana.

chapwa (kivumishi kisichobadilika). Isiyo na ladha ya kutosha, iliyozidi maji. Mfano: Divai hii ni chapwa. Pia dufu.

ladha ibakiyo (kirai). Ladha inayoendelea baada ya kumeza au kutema. Husemwa kuwa ndefu au fupi. Mfano: Ladha ibakiyo ni fupi, hutoweka mara tu baada ya kumeza.

5. Hatua za kuonja na vitenzi vyake

Kuonja ni tofauti na kunywa. Anywaye hukata kiu. Aonjaye hutafuta habari. Kutokana na onja tunapata onjesha (kumpa mwingine aonje), onjeka (kuwa katika hali ya kuweza kuonjwa), mwonjaji (aonjaye) na kionjo (kiasi kidogo kitolewacho ili kionjwe). Utaratibu wa kawaida una hatua nne.

Kutazama. Bilauri huinamishwa juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo mwekundu ulio mchanga huelekea zambarau. Unapozeeka huelekea kahawia. Mweupe hufanya kinyume kwa kiasi fulani: huanza na manjano hafifu na huzidi kukolea kadiri miaka ipitavyo. Kiswahili kina jina zuri la rangi ya mwekundu uliokolea: damu ya mzee. Angalia pia kama mvinyo ni mwangavu au una mashapo, yaani chembe zilizotuama. Neno machicha lina maana ya makapi ya kitu kilichokamuliwa au kuchujwa, kwa hiyo halifai kwa chembe za chupani.

Kunusa. Bilauri huzungushwa ili harufu ipande. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo wafasiri wengi huisahau. Kunukia ni kutoa harufu nzuri. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kitenzi kimoja kinatosha kutoa hukumu, hivyo kichague kwa uangalifu. Mvinyo unanukia maua. Mvinyo unanuka mayai viza. Ukitaka maelezo yasiyo na hukumu, sema una harufu ya. Kwa harufu nzuri katika matini ya kifasihi, riha hufaa. Harufu ya ukungu kama ya boksi lililolowa huashiria kasoro itokanayo na kizibo. Harufu ya siki huashiria mvinyo uliochacha.

Kuonja. Piga funda moja, lisukutue ili liguse ulimi wote na ufizi, vuta hewa kidogo juu yake, kisha lipime kwa utaratibu: utamu wa sukari, ugwadu, ukakasi, joto la kileo, uzito. Waonjaji wa kahawa hufanya jambo la jamaa moja wanapofyonza kijiko kwa sauti. Mwonjaji aliye kazini hutema baada ya kila funda, kwa sababu ulimi uliolewa haupimi. Kitenzi ni kutema, na hakina ubaya wowote katika muktadha huu.

Kuhukumu. Hapa ndipo nafasi ya maneno mazuri, ya wastani, hafifu, uliosawazika. Mvinyo uliosawazika ni ule ambao hakuna kimoja kati ya ugwadu, ukakasi, utamu na kileo kinachovimeza vingine. Hukumu itajwe mwisho, na ifuatane na neno kwa sababu.

Tanbihi kuhusu joto: mvinyo mweupe huonjwa ukiwa baridi, nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi; mwekundu huonjwa kwa nyuzi 15 hadi 18 hivi. Ubaridi huficha harufu na huzidisha ukakasi, na joto huzidisha mchomo wa kileo. Kwa hiyo maneno "joto la chumba" yaliyomo katika maelekezo ya Ulaya yasitafsiriwe bila kufikiri. Chumba kinachokusudiwa si cha Dar es Salaam wakati wa jua kali. Andika nyuzi kwa tarakimu.

6. Je, "mvinyo mkavu" ni Kiswahili?

Lugha kadhaa za Ulaya huuita mvinyo usio na utamu wa sukari kwa neno ambalo maana yake ya kawaida ni "kavu". Wafaransa huandika sec. Wafasiri wengi hulichukua neno hilo kama lilivyo na kuandika "mvinyo mkavu". Tafsiri hiyo haipendekezwi kwa sababu tatu.

Kwanza, Kiswahili tayari kimelipa neno kavu kazi nyingine katika chakula. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Ugali mkavu ni ugali usio na kitoweo. Mvinyo mkavu basi utaeleweka kuwa ni mvinyo unywewao bila chakula. Ukiongeza kwamba mkavu wa macho ni mtu asiye na haya, msomaji atakuwa amepelekwa mbali zaidi.

Pili, neno hilo litamfanya msomaji adhani kwamba mvinyo unakausha kinywa, na kumbe kinachokausha kinywa ni ukakasi. Mambo haya mawili hayategemeani. Mvinyo mweupe huweza kukosa sukari kabisa na usiwe na ukakasi. Mwekundu ulioongezwa kileo na kuachwa na sukari huweza kuwa na sukari nyingi na ukakasi pia.

Tatu, kinachoelezwa ni jambo linalopimika. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo wa aina hii kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita. Waweza kufika gramu 9 iwapo asidi yake inatosha kuisawazisha. Jambo lenye kipimo lastahili neno lisilo na utata.

Mapendekezo ni haya:

mvinyo usio na utamu wa sukari, kwa matini kamili;

bila utamu wa sukari, kwa kibandiko cha chupa;

wenye utamu kiasi wa sukari, kwa aina ya kati;

wenye utamu wa sukari, kwa aina ya mwisho.

Kirai "usio na sukari" kwa ufupi hakifai kibandikoni, maana sukari kidogo aghalabu hubaki, na mgonjwa wa kisukari aweza kukielewa kama ruhusa.

7. Mifano ya maelezo

Mizabibu ya Tanzania imestawi zaidi Dodoma. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana katikati ya karne ya 20, na Makutupora, kaskazini mwa jiji, pana kituo cha utafiti wa zabibu; aina moja ya zabibu nyekundu imepewa jina la mahali hapo. Tofauti na Ulaya, ambako mavuno ni ya mara moja kwa mwaka, Dodoma huvuna mara mbili. Miongoni mwa zabibu nyeupe zilimwazo humo ni Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa na ambayo hulimwa kwa wingi Afrika Kusini.

Sentensi zifuatazo ni vielelezo vya lugha, si hukumu juu ya chupa fulani.

Mweupe wa Chenin Blanc: Rangi ni ya manjano hafifu, yenye mwanga. Unanukia tofaa na asali. Hauna utamu wa sukari; ugwadu wake ni wa wazi lakini haukereketi. Uzito ni wa kati. Ladha ibakiyo ni ndefu kiasi.

Mweupe wa Riesling kutoka bonde la Mosel, Ujerumani: Una utamu kiasi wa sukari, lakini ugwadu mwingi unausawazisha, hivyo hauchoshi ulimi. Kiwango cha kileo ni kidogo. Ni mwepesi.

Mwekundu wa Cabernet Sauvignon kutoka Bordeaux, Ufaransa: Rangi ni ya damu ya mzee. Ungali mchanga: ukakasi wake unashika ufizi na kufunika harufu ya tunda. Ukihifadhiwa miaka kadhaa utalainika.

Mwekundu ulioharibika: Rangi imeelekea kahawia kabla ya wakati. Unanuka siki. Uchachu umeimeza ladha ya tunda.

Mweupe wa Mosel na rubisi ya siku ya kwanza vinaweza kuelezwa kwa maneno yale yale: utamu kiasi wa sukari, ukali wa tunda au wa kuchachuka, kileo kidogo. Linganisha sasa maelezo hayo na "Riesling ni tamu, Bordeaux ni kali". Sentensi hii fupi haina kosa la sarufi. Hata hivyo msomaji hawezi kujua kama Bordeaux inalevya upesi, inachoma kama ndimu, inakwaruza kinywa, au imemfurahisha mwandishi.

8. Makosa ya kawaida

"Mvinyo nyekundu." Sahihi: mvinyo mwekundu. Kosa hili hutokana na kuchanganya ngeli ya mvinyo na ya divai.

"Mvinyo una mwili mkubwa." Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Sema: mvinyo ni mzito.

"Mvinyo unanuka vizuri." Vitenzi vinapingana. Sema: unanukia.

"Ukakasi wa ndimu." Ndimu ina ugwadu. Ukakasi ni wa ndizi mbichi.

"Rubisi ni mvinyo wa ndizi." Yakubalika kama ufafanuzi kwa mgeni, lakini si kisawe. Rubisi huchachushwa kwa mtama na hunywewa ikiwa changa. Katika tafsiri, acha rubisi kama ilivyo na uieleze mara ya kwanza tu.

"Mvinyo wa zabibu" si kosa. Katika matini yanayotaja vileo vya ndizi, nanasi au rosela, nyongeza hiyo ni ya lazima.

9. Kwa walimu

Msamiati huu waweza kufundishwa darasani pasipo tone la kileo, na kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18 ndivyo ipasavyo. Andaa kipande cha ndizi mbichi, ndimu, chai ya rangi iliyokaa na majani yake, kahawa iliyokaangwa sana, maji ya sukari na uji uliochacha. Mwanafunzi afumbe macho, aonje, na aandike neno moja la hisia bila kutumia tamu wala kali. Kisha aandike sentensi ya pili yenye hukumu na sababu. Kutokana na mazoezi hayo mawili ataona mahali maelezo yanapokoma na sifa inapoanza.

Mwenye duka wa Omurushaka naye hahitaji maneno mapya ili ajibu vizuri. Akiulizwa "Hii ni kali?", na arudishe swali: "Unauliza kilevi chake au ladha yake?" Na akiulizwa ladha, aweza kusema kwa lugha ya nyumbani kwake: "Ina ukakasi kidogo kama wa ndizi ambayo haijaiva sawasawa, na kileo chake kimeandikwa hapa, asilimia 12." Mteja ataondoka akijua anachokinunua.

Tazama pia: chacha, chapwa, divai, kakasi, kali, keneka, kileo, mashapo, mvinyo, nukia, onja, pombe, rubisi, siki, tamu, tembo, ugwadu, zabibu.